Miaka 7 kwa viazi: mwanamke wa Ireland katika daftari za wafungwa wa Tasmania

Ndugu msomaji,

Umeniandikia kwamba ulikutana na habari ya mwanamke wa Ireland aliyehukumiwa kuhamishwa ng'ambo kwa miaka 7 kwa kosa la kuiba viazi, na unauliza mambo matatu: kama jambo hilo lilitokea kweli au ni chumvi ya wasimuliaji, mwanamke wa namna hiyo aliishi vipi baada ya kushushwa pwani ya ugenini, na kwa nini, ikiwa adhabu yenyewe ilikuwa ya miaka 7 tu, husikii habari za wanawake hao kurudi makwao. Naanza na la kwanza kwa kuwa jibu lake ni fupi. Ndiyo, lilitokea. Mwanamke huyo aliitwa Margaret Butler, alihukumiwa Carlow, kusini-mashariki mwa Ireland, na tarehe 2 Septemba 1845 alikuwa miongoni mwa wafungwa wanawake 138 walioondoka bandari ya Kingstown, karibu na Dublin, wakiwa ndani ya merikebu iliyoitwa Tasmania. Walifuatana na watoto wao 35. Merikebu ilitia nanga Hobart, kusini mwa kisiwa kilichoitwa wakati huo Van Diemen's Land, tarehe 3 Desemba, yaani baada ya siku 92 baharini. Kisiwa hicho ndicho Tasmania ya leo, jimbo la Australia, ingawa hakikupewa jina hilo rasmi hadi 1856, miaka 10 baada ya merikebu yenye jina hilo kuwafikisha wanawake hao.

Kabla sijaendelea, neno "kuhamishwa" lisikupotoshe. Si uhamisho wa mwalimu anayetolewa wilaya moja na kupelekwa nyingine na posho ya kujikimu mkononi. Ilikuwa adhabu iliyosimama hatua moja tu chini ya kitanzi, na kati ya 1788 na 1868 Uingereza, iliyoitawala Ireland pia, iliitumia kupeleka Australia watu zaidi ya 160,000, wanawake wakiwa takriban 25,000. Kiasi cha theluthi moja ya wanawake hao walipakiwa katika bandari za Ireland, kuanzia na merikebu Queen iliyotoka Cork mwaka 1791.

Sasa viazi. Kwetu kiazi mviringo, au mbatata, ni kitu cha kununua kwa debe kando ya barabara na kula siku moja moja pamoja na vingine. Kwa kibarua wa shamba wa Ireland katika miaka ya 1840 kilikuwa asubuhi, mchana na jioni. Mwanamume mzima mwenye kazi nzito aliweza kumaliza kilo 5 au zaidi kwa siku, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kujazia tumbo. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 kwa hesabu ya sensa ya 1841, na kiasi cha milioni 3 kati yao walitegemea zao hilo karibu peke yake. Kibarua alikodi kipande kidogo cha ardhi kwa msimu mmoja, mara nyingi akilipa kwa jasho lake, akapanda viazi, akavihifadhi kwa majira ya baridi, kisha akaanza kuhesabu siku. Vya zamani vilikwisha au vilioza kufikia Juni, na vipya havikuwa tayari kuchimbwa hadi Agosti. Miezi hiyo ya katikati ilikuwa miezi ya njaa kila mwaka, hata mwaka uliokuwa na mavuno mema. Mtu aliyeingia shambani mwa jirani usiku na kufukua mashina machache alikuwa amegusa chakula cha mwaka mzima cha nyumba nyingine, na ndiyo maana wenye viazi hawakulichukulia jambo hilo kama utundu.

Tarehe za safari yenyewe zinashangaza. Mnamo 20 Agosti 1845 David Moore, msimamizi wa bustani ya mimea ya Glasnevin, Dublin, aliona ugonjwa mpya kwenye majani ya viazi vyake. Siku 13 baadaye merikebu Tasmania ikatweka tanga. Katikati ya Septemba magazeti yakawa yanaandika kwamba viazi vya maeneo ya Dublin vinaangamia. Wanawake wale waliondoka wakiacha nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia katika Njaa Kuu, ambayo ndani ya miaka michache iliua watu wapatao milioni 1 na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni 1 kuvuka bahari kwa nauli zao wenyewe.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Mahakimu walikuwa na vipimo vichache: miaka 7, 10, 14 au 15, na maisha. Saba ilikuwa ndicho kipimo cha chini kabisa cha kuhamishwa, na kwa wizi mdogo kilitumika hasa pale mshitakiwa alipokuwa amewahi kufungwa au alipokuwa na sifa mbaya mbele ya polisi wa eneo lake. Wengi wa wanawake waliotoka Ireland waliiba nguo, fedha, kondoo au ng'ombe. Wachache walikuwa na makosa mazito zaidi. Katika merikebu hiyohiyo alikuwamo Eliza Davis, aliyetolewa gereza la Wicklow. Yeye alikuwa amehukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtoto wake mchanga, kisha adhabu ikapunguzwa na kuwa kuhamishwa maisha. Mwizi wa viazi na mwanamke aliyeponea kitanzi walilala chini ya sitaha moja na kula mgao uleule, na walipofika walipitia milango ileile. Tofauti yao ilikuwa katika safu moja ya daftari, ile ya muda wa adhabu. Na wakati njaa ilipokolea, walipatikana wanawake waliochoma moto vitu vya watu kwa makusudi na kukiri mbele ya mahakama kwamba wanataka kuhamishwa. Yafaa kulikumbuka hilo kabla ya kuamua kama safari ile ilikuwa dhuluma tupu au, kwa baadhi yao, mlango wa kuokokea. Mimi naona ilikuwa yote mawili, na mara nyingine kwa mtu yuleyule.

Kutoka magereza ya wilaya wanawake walikusanywa Grangegorman, Dublin, gereza ambalo tangu 1836 lilikuwa la wanawake peke yao. Huko walifunzwa kushona, kufua na kazi za nyumbani, kwa kuwa serikali ilitaka wafike wakiwa watumishi wanaouzika. Waairishi hawa walitofautiana kidogo na wenzao wa Uingereza: wengi wao walikuwa watu wa mashamba kuliko wa mjini, Wakatoliki, na wengine Kiairishi kilikuwa lugha yao kabla ya Kiingereza. Baadhi waliruhusiwa kufuatana na watoto wao wadogo. Waliokuwa na watoto wakubwa, au ambao maombi yao kwa mtawala wa Ireland aliyekaa Dublin hayakusikilizwa, waliwaacha.

Merikebu hizi hazikupita pwani yetu. Njia ya kawaida ilishuka Atlantiki, ikazunguka mbali kusini mwa Rasi ya Tumaini Jema na kuzidaka pepo kali za magharibi, ambazo zilisukuma chombo hadi Tasmania karibu bila kuona nchi kavu. Chakula kilikuwa biskuti ngumu, nyama ya chumvi, njegere na uji wa shayiri, pamoja na maji ya ndimu ya kuzuia kiseyeye. Usinielewe vibaya nikisema kwamba kufikia miaka ya 1840 safari yenyewe haikuwa ya mauti kama watu wanavyodhani. Kila merikebu ilikuwa na daktari-msimamizi ambaye bahashishi yake ilitegemea idadi ya wafungwa aliowafikisha hai, na mpango huo ulifanya kazi. Hatari kubwa ilikuwa bahari yenyewe. Merikebu Neva, iliyotoka Cork Januari 1835 na wanawake wapatao 150 pamoja na watoto, ilipasuka kwenye miamba ya King Island, kisiwa kilicho kaskazini-magharibi mwa Tasmania, mwezi Mei, karibu kabisa na mwisho wa safari, na watu zaidi ya 200 wakafa. Waliookoka walikuwa 15.

Nikae kidogo kwenye siku za kufika Hobart, kwa sababu hapo ndipo tunapomwona mwanamke huyu kwa karibu kuliko mahali pengine popote katika maisha yake. Karani alikuwa na fomu iliyochapwa, yenye nafasi ya urefu, umri, rangi ya uso, umbo la kichwa, nywele, paji, nyusi, macho, pua, mdomo na kidevu. Mwanamke alipimwa bila viatu, hadi robo ya inchi. Makovu yaliandikwa, na alama za ndui, jino lililong'oka, kidole kilichopinda. Kisha maswali yakaanza: umezaliwa wapi, dini gani, unasoma au unasoma na kuandika, una mume, una watoto wangapi, unajua kazi gani. Akaulizwa aeleze kosa lake kwa maneno yake mwenyewe, na maneno hayo yakaandikwa kando ya yale ya mahakama. Mara nyingine mwanamke alitaja kosa la zamani ambalo mahakama haikulijua, kwani alidhani limekwisha kuandikwa. Mwishowe aliulizwa majina ya wazazi na ndugu zake na mahali walipo. Ndugu zake walioachwa Carlow, waliozaliwa, wakaoa na kufa bila kuiba kitu, hakuna aliyewahi kuandika rangi ya macho yao. Serikali ilifanya hivyo ili iweze kumkamata akitoroka, nasi tumenufaika kwa njia ambayo hawakuikusudia.

Baada ya hapo hawakupelekwa moja kwa moja kwa waajiri. Kati ya 1844 na 1850 wanawake wapya waliwekwa kwa miezi 6 ndani ya Anson, meli kuukuu ya kivita iliyofungwa nanga katika mto Derwent, ili wasichanganyike na wafungwa wa zamani wa mjini. Huko walishona na kufundishwa dini na kazi za nyumbani. Ukishamaliza miezi 6 bila kosa, ulipata cheti cha kuajiriwa na ukatolewa kwa mkataba kwenda kuwa mtumishi wa nyumbani: kupika, kufua, kulea, kukamua ng'ombe. Mshahara ulikuwapo, ingawa mdogo. Uhuru wa kuchagua bwana haukuwapo.

Daftari la mwenendo ndilo linaloonyesha maisha hayo yalivyokuwa, na sharti lisomwe kwa tahadhari. Chini ya maelezo ya sura kuna nafasi tupu, na humo kila kosa liliandikwa na hakimu aliyelisikiliza: kutoka bila ruhusa, ufidhuli, ulevi, kukataa kazi, kukutwa nje usiku. Mwajiri alihitaji kulalamika tu. Mwanamke aliyefanya kazi miaka 4 kwa uaminifu haachi hata mstari mmoja kuhusu miaka hiyo, ila jioni moja aliyojibu vibaya imebaki hadi leo. Hata mimba ilihesabiwa kuwa utovu wa mwenendo, hata pale ambapo baba wa mtoto alikuwa mtu wa nyumba ileile aliyotumwa kutumikia. Mwanamke alirudishwa mjini, akajifungua chini ya ulinzi, akanyonyesha, kisha baada ya kumwachisha mtoto akatumikia adhabu, mara nyingi ya miezi 6.

Mahali pa adhabu hizo palikuwa Cascades, gereza la kazi lililoitwa Kiwanda cha Wanawake, lililofunguliwa 1828 katika jengo lililokuwa la kutengenezea pombe kali. Liko bondeni chini ya mlima Wellington, kando ya kijito, na hata sasa mgeni anayefika huko majira ya baridi anaona jinsi jua linavyochelewa kuingia na kuwahi kuondoka. Wafungwa waligawanywa kwa madaraja, na wale wa daraja la adhabu, kwa kanuni za mwanzo, walivaa nguo zilizoshonewa herufi C kubwa ya rangi ya njano mgongoni, kwenye mkono na kwenye sketi. Kazi yao ilikuwa kusokota sufu, kuchambua kamba kuukuu za meli hadi ziwe nyuzi za kalafati, kazi ambayo mafundi wa majahazi wa pwani yetu wataielewa bila maelezo, na juu ya yote kufua. Makarani waliandika kwa kifupi tu kwamba fulani amepewa miezi kadhaa "kwenye beseni la kufulia", na maana yake ilikuwa kusimama kutwa mikono ikiwa ndani ya maji, katika bonde lenye unyevu, ukifua mashuka ya hospitali na nguo za watu wa mjini.

Watoto ndio sehemu iliyo nzito kuisoma. Wachanga walikaa kwenye chumba cha kulelea pamoja na wanyonyeshaji, na vifo vilikuwa vingi kiasi cha kuzua kelele mjini Hobart katika miaka ya 1830. Waliofikisha umri wa miaka 2 au 3 walitenganishwa na mama zao na kupelekwa Shule ya Yatima, New Town, maili chache kutoka Hobart, ingawa mama zao walikuwa hai. Baadhi ya wale 35 waliokuja na merikebu Tasmania walianza maisha yao mapya kwa njia hiyo: miezi 3 wakiwa na mama zao baharini, kisha lango la shule.

Njia ya kutoka katika mzunguko huu, kwa wengi, ilikuwa ndoa. Wanaume kisiwani walikuwa wengi mno kuliko wanawake, na serikali ilipendelea mwanamke alishwe na mume kuliko na hazina. Lakini hata kuolewa kulihitaji kibali: majina ya wote wawili, merikebu walizokuja nazo na hali zao za kifungo vilipelekwa kwa gavana, na jibu likarudi limeandikwa kuwa imekubaliwa au haikukubaliwa. Kwa mwenendo mzuri ulipata cheti cha ruhusa, kilichomwezesha mfungwa kujitafutia kazi na makazi ndani ya kisiwa. Aliyehukumiwa maisha, kama Eliza Davis, aliweza kutumaini msamaha wenye masharti. Wa miaka 7 aliandikiwa hati ya uhuru siku ya mwisho ya kifungo, ambacho kilihesabiwa tangu siku ya hukumu, si tangu siku ya kushuka Hobart.

Hapo ndipo tunafikia swali lako la mwisho, na jibu halimo katika hukumu. Limo katika nauli. Serikali iliyolipa gharama ya kumpeleka haikulipa gharama ya kumrudisha. Mwanamume aliyekuwa huru aliweza kwenda gatini akajiandikisha baharia na kufanya kazi hadi London au Cork. Mwanamke hakuandikishwa ubaharia. Ilimpasa anunue tikiti ya safari ya miezi 3 au 4 kwa akiba ya mshahara wa mtumishi, na ikiwa alikuwa na watoto, awanunulie na wao. Msamaha wenye masharti nao ulikuwa na sharti lenyewe moja kubwa, kwamba mwenye nao haruhusiwi kurejea Uingereza wala Ireland. Kwa hiyo "miaka 7" ilikuwa maneno ya mahakamani. Kwa mwanamke asiye na kitu, kuhamishwa kulikuwa kwa maisha hata pale ambapo sheria haikusema hivyo, na siamini kwamba mahakimu waliotoa adhabu hizo hawakulijua jambo hilo.

Na hata angepata nauli, angerudi kwa nani? Mtu aliyehukumiwa 1845 alimaliza kifungo 1852. Sensa ya mwaka uliotangulia ilikuta Ireland ina watu wapatao milioni 6.5 badala ya zaidi ya milioni 8 wa miaka 10 nyuma. Vibanda vya vibarua katika wilaya za namna ya Carlow vilikuwa vimebomolewa, na majirani wamekufa, wameingia nyumba za maskini za serikali, au wako Liverpool na New York. Wakati huohuo dhahabu ilikuwa imepatikana mwaka 1851 katika koloni la Victoria, Australia bara, ng'ambo ya mlango-bahari wa Bass, na waliomaliza vifungo walivuka kwa makundi hadi Victoria ikatunga sheria ya 1852 ya kuwazuia wafungwa wa zamani. Merikebu ya mwisho ya wafungwa iliingia Hobart 1853. Miaka 3 baadaye kisiwa kikabadili jina, na familia nyingi nazo zikabadili habari zao: bibi aliyeletwa kwa pingu akageuka, katika masimulizi ya wajukuu, kuwa mhamiaji aliyekuja kwa hiari yake. Aibu hiyo ilidumu zaidi ya karne. Leo mambo yamegeuka kiasi kwamba wajukuu hulitafuta jina la mfungwa katika ukoo wao kwa fahari. Cascades imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2010, na mwaka 2017 Rais Michael D. Higgins wa Ireland alizindua huko Hobart sanamu za shaba za wanawake hao na mtoto.

Ukitaka kuendelea mwenyewe, daftari za Tasmania zimepigwa picha na zinasomwa bila malipo kwenye tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya jimbo hilo. UNESCO iliziingiza katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007. Upande wa Ireland una pengo, kwa kuwa rejista za kuhamishwa za kabla ya 1836 ziliungua Dublin mwaka 1922, lakini kesi za merikebu Tasmania ziko upande salama, yaani baada ya 1836. Anza na jina la merikebu na mwaka, usianze na jina la mwanamke. Makarani wa Hobart waliandika majina ya Kiairishi kama walivyoyasikia, viambishi vya O na Mac vikaanguka njiani, na mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu katika karatasi tatu. Butler ni jina jepesi. Ukimtafuta mwanamke wa magharibi mwa Ireland aliyejitaja kwa lugha ya kwao, jaribu kwanza kulitamka jina lake kwa sauti kama Mwingereza aliyechoka angelisikia, ndipo uandike.